ALIBHAI MULLA JEEVANJEE: MGENI ALIYEJENGA MJI

 

Leo tuanze na swali moja dogo. Wewe kwenu ni wapi? Usijibu haraka. Sikuulizi mtaa unaokaa wala kituo unachoshukia matatu. Nakuuliza kwenu kabisa. Swali hili umeulizwa mara nyingi, shuleni, kwenye basi, na kama jina lako ni Abdi, Salim, Fatma au Hussein, huenda uliulizwa hata siku uliyokwenda kuchukua kitambulisho. Wenzako walionyesha cheti cha kuzaliwa, wakapigwa picha, wakaenda zao. Wewe ukaambiwa lete cha baba, kisha cha babu, kisha urudi wiki ijayo uje mbele ya kamati. Wako vijana waliomaliza shule wakakaa miaka bila kitambulisho, na bila kitambulisho hapa kwetu kazi hupati, akaunti ya benki hufungui, kura hupigi.

Basi katika toleo hili tumekuchagulia kisa cha mtu ambaye jina lake unalitaja karibu kila ukienda mjini Nairobi, lakini pengine hukuwahi kujua ni nani. Ukimwambia rafiki yako mkutane Jivanji, unamtaja yeye. Huyu ni Alibhai Mulla Jeevanjee, Muislamu wa jamii ya Mabohora, aliyezaliwa mbali na hapa na kuzikwa hapa. Tutamweleza kama alivyokuwa, mazuri yake na makosa yake, maana mtu akishatangulia mbele ya haki hahitaji kupambwa, na sisi tuliobaki twahitaji kujifunza.

KIJANA WA KARACHI

Jeevanjee alizaliwa mwaka 1856 katika mji wa Karachi, ambao leo uko Pakistan lakini wakati huo ulikuwa India chini ya Waingereza. Nyumba yao haikuwa ya kitajiri. Baba yake alikuwa mfanyabiashara mdogo, na Alibhai mwenyewe hakupata masomo mengi. Alipofikia ujana aliondoka nyumbani kwenda kutafuta riziki, kama vijana wengi wanavyofanya mpaka leo. Alizunguka miji ya India akinunua huku na kuuza kule, kisha akavuka bahari mpaka Australia, akafungua biashara ya bidhaa za mashariki katika mji wa Adelaide.

Ebu fikiria, kijana wa miaka ile, hana shahada wala simu, lugha ya watu anajifunzia dukani. Anaingia melini asijue huko aendako atalala wapi. Wengi tunaona habari za wahamiaji kwenye televisheni tukadhani ni mambo ya leo. La! Binadamu amekuwa akihama tangu zamani, na mara nyingi anayehama si mvivu. Aghalabu ni yule mwenye moyo mkavu kuliko ndugu zake wote.

Mwaka 1890 Jeevanjee alifika Mombasa. Mji haukuwa mgeni kwa wageni. Kwa karne nyingi majahazi yalikuwa yakija na kaskazi na kurudi na kusi, na ndani ya Mji wa Kale ulikuta Waswahili wenyeji, Waarabu wa Oman na Hadhramaut, Mabaluchi, Wangazija, Mabaniani na Mabohora. Kwa hivyo Jeevanjee hakufungua njia mpya. Alipita kwenye njia ambayo wengine walishaikanyaga. Lakini kilichokuwa kinakuja baada yake kilikuwa kikubwa kuliko majahazi yote yale.

RELI NA WATU WAKE

Mwaka 1895 Waingereza waliitangaza nchi hii kuwa himaya yao, na mwaka uliofuata wakaanza kujenga reli kutoka Mombasa kwenda Ziwa Viktoria. Kazi ile ilihitaji maelfu ya mafundi na vibarua, nao Waingereza wakaamua kuwatoa India, ambako reli zilikuwa zimejengwa kwa miaka mingi na mafundi walikuwapo. Kampuni ya Jeevanjee ilikuwa miongoni mwa waliopewa kandarasi. Ilileta watu, ikaleta chakula chao, ikachonga miamba na kujenga nyumba na steshini. Kundi la kwanza la watu wapatao 350 lilifika mwanzoni mwa 1896.

Mpaka reli inafika ziwani, Desemba 1901, walikuwa wamekuja watu 31,983. Sasa tulia usome hesabu hii taratibu. Waliokufa ni 2,493. Waliorudishwa kwao kwa sababu ya ugonjwa au ulemavu ni 6,454. Waliomaliza mkataba wakarudi makwao ni 16,312. Waliobaki hapa ni 6,724. Jumlisha uone, inatimia.

Wale 2,493 hawakuliwa wote na simba wa Tsavo, ingawa ndivyo tunavyosimuliwa. Simba waliua wengi mwaka 1898, ni kweli, na kazi ya daraja la Tsavo ikasimama kwa hofu. Lakini wengi zaidi waliondoka na malaria, kuhara, vidonda na ajali za kazini. Ni kama watu wanne kwa kila maili moja ya reli ile. Sehemu kubwa ya vibarua ilitoka Punjab, na wengi wao walikuwa Waislamu waliofunga Ramadhan porini huku wakibeba vyuma. Ukisafiri kwa barabara kutoka Mombasa kwenda Nairobi, pale Mackinnon Road utauona msikiti kando ya reli. Ndani yake kuna kaburi la Seyyid Baghali, mmoja wa watu wa reli. Wazee husimulia kuwa karai lake la mchanga lilikuwa likielea juu ya kichwa chake badala ya kumlemea. Wewe amini au usiamini, lakini kaburi liko, na linakukumbusha kwamba njia ile ilijengwa na watu wenye majina.

Hapa pia tuseme jambo ambalo halisemwi sana. Reli haikupita mahali patupu. Ilipita katika ardhi ya Wakamba, Wamaasai, Wakikuyu na Wanandi, na wenyewe hawakuombwa ruhusa. Wanandi walipigana nayo kwa miaka mingi mpaka kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, akauawa na Waingereza mwaka 1905. Kwa hivyo reli hiyohiyo iliyompa Jeevanjee utajiri iliwanyang'anya wengine malisho yao. Kisa cha wageni katika nchi hii kina pande mbili, na Muislamu mwadilifu hatazami upande mmoja tu.

MJI WA MABATI

Reli ilifika mwisho wa Mei 1899 mahali palipoitwa na Wamaasai kwa jina la maji baridi. Ndipo Nairobi. Hapakuwa na mji, palikuwa na mahema, matope na karakana. Wale waliobaki baada ya mikataba wakafungua vijiduka vya mabati, wakauza unga, chumvi, sukari, kanga na mafuta ya taa. Mwaka 1902 ukazuka ugonjwa wa tauni, na maofisa wakaamuru mtaa wa biashara wa Wahindi uchomwe moto. Mtu aliyetoka Punjab na mikono mitupu, akavumilia reli, akafungua duka, aliliona duka lake linateketea mchana kweupe.

Jeevanjee yeye alikuwa ameshapiga hatua. Majengo mengi ya mwanzo ya serikali na ya reli yalijengwa na kampuni yake, na mwaka 1904 akajenga soko lililoitwa kwa jina lake. Huko Mombasa nako, mwaka 1902, alianzisha gazeti, African Standard. Mwaka 1905 akaliuza kwa Wazungu wawili, nao wakalipa jina la East African Standard. Ndilo gazeti ambalo leo tunaliita The Standard. Yaani gazeti kongwe kabisa la nchi hii lilianzishwa na mhamiaji Muislamu ambaye hakusoma sana! Na ajabu ni kwamba baada ya kuuzwa likageuka kuwa sauti ya walowezi, likawa linawapiga vita watu wa jamii ya yule yule aliyelianzisha.

Mwaka 1906 alitoa kiwanja cha ekari tano katikati ya mji, akakifanya bustani, akaweka ndani yake sanamu ya Malkia Victoria, akawakabidhi watu wa Nairobi. Sanamu iliangushwa na watu wasiojulikana mwaka 2015, lakini bustani ipo. Vizazi kwa vizazi waliochoka wamelala kwenye nyasi zake, wasio na kazi wamesoma magazeti pale, wahubiri wamehubiri, na wapenzi wa siasa wamebishana mpaka jua likatua. Hakuna aliyetozwa shilingi. Basi wewe unayejua maana ya sadaka ambayo faida yake haikatiki, hapo ongeza mwenyewe.

KITI BARAZANI

Pengine ungedhani tajiri kama huyu atanyamaza, ale mali yake kwa raha. Lakini utajiri haukumfanya awe sawa na Mzungu. Walowezi walikuwa wakifika kwa wingi, na serikali ikawatengea ardhi nzuri ya nyanda za juu. Muhindi hakuruhusiwa kununua huko hata awe na pesa za kujaza gunia. Mjini nako wakataka kila rangi ikae mtaa wake. Na Muafrika, mwenye nchi, hakuulizwa kitu.

Jeevanjee hakunyamaza. Tangu 1900 alikuwa pamoja na mfanyabiashara mwenzake, Allidina Visram, katika chama cha Wahindi wa Mombasa. Mwaka 1910 akawa mtu wa kwanza asiye Mzungu kuketi katika Baraza la Kutunga Sheria. Kiti kimoja tu, katikati ya Wazungu watupu. Alipoona barazani hasikilizwi akaenda London, akazungumza na waandishi wa magazeti kuhusu ubaguzi uliokuwa ukifanyika huku. Mwaka 1912 akatoa kijitabu cha kuwatetea Wahindi wa Afrika Mashariki, na mwaka 1914 Bunge la Wahindi wa Afrika Mashariki lilipokutana Mombasa kwa mara ya kwanza, yeye ndiye aliyekuwa rais wake. Haya aliyafanya kwa mali yake na wakati wake, na walowezi hawakumsamehe.

KOSA LAKE

Sasa tufike penye uzito. Katika safari ile ya London ya 1910, Jeevanjee alipendekeza kwamba nchi hii iunganishwe na dola ya India. Alikuwa anatafuta haki ya Wahindi, lakini katika haki ile Muafrika hakuonekana. Alizungumza kana kwamba ugomvi ni baina ya wageni wawili, Mzungu na Muhindi, na mwenye nyumba hayupo.

Tusimtetee kwa hilo. Mtu anaweza kudhulumiwa na bado asione dhulma inayompata jirani yake. Hii ni hatari ya kila jamii inayojitetea, hata sisi. Tukilalamika juu ya vitambulisho vya vijana wetu halafu tukanyamaza jirani asiye Muislamu akivunjiwa kibanda chake, tumerudia kosa lile lile.

Lakini mambo yalibadilika. Mwaka 1921 Harry Thuku alipoanza kudai haki za Waafrika, Muhindi mmoja, Manilal Desai, alimpa msaada wa ofisi na mitambo. Thuku alikamatwa Machi 1922, na watu waliokusanyika kudai aachiliwe wakapigwa risasi mjini Nairobi. Mwaka 1923 Jeevanjee, akiwa na umri wa miaka 67, alikuwa katika ujumbe uliokwenda tena London. Serikali ya Uingereza ikatoa uamuzi wake, kwamba katika Kenya maslahi ya Waafrika ndiyo yatangulizwe mbele ya ya wageni wote. Wahindi hawakupata nyanda za juu na wakapewa viti vitano tu vya kupigiwa kura na wenyewe kwa wenyewe. Waafrika nao hawakupewa haki zao siku ile, ilikuwa ni maneno ya karatasi. Lakini neno likishaandikwa lina siku yake, na miaka arobaini baadaye siku ile ilifika.

MWISHO WAKE

Utajiri ni kama kivuli cha mnazi, asubuhi kiko huku, jioni kiko kule. Mali ya Jeevanjee ilipungua. Biashara zikamwendea vibaya, na sehemu ya mali ilikuwa imeshatumika katika kesi, safari na siasa. Alifariki Nairobi mwaka 1936 akiwa na miaka themanini, na mali nyingi ya zamani haikuwapo tena. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Kisa hakikuishia hapo. Mwaka 1991 ilitoka habari kwamba ile bustani itachimbwa pajengwe maegesho ya magari ya gorofa na maduka. Zama zile kupinga mambo kama hayo si mchezo. Mjukuu wake, Zarina Patel, akasimama. Akaandika, akakusanya watu, na wananchi wa kila kabila wakatia sauti, akiwemo Wangari Maathai. Mpango ukasimama. Angalia mwenyewe: ardhi iliyotolewa na mhamiaji iliokolewa na wananchi wasiokuwa na damu yake, kwa sababu walishaiona ni yao.

WALIOBAKI

Na wale 6,724 waliobaki, pamoja na wengi waliowafuata kwa hiari yao, walizaa mafundi, walimu, madaktari na wenye maduka. Punjabi Waislamu ndio waliojenga Jamia ya Nairobi, kazi iliyoanza 1925 na kumalizika 1933, na leo humo Ijumaa wanasimama safu moja Msomali, Mnubi, Mluhya, Mswahili, Mkikuyu na Mhindi. Wengine waliingia katika kupigania uhuru. Makhan Singh, Kalasinga wa vyama vya wafanyakazi, alifungwa kizuizini miaka kumi na moja. Pio Gama Pinto, mwenye asili ya Goa, aliuawa kwa risasi Nairobi mwaka 1965.

Hata hivyo wengi waliondoka. Hesabu ya watu ya 1962 ilikuta Waasia karibu 177,000 nchini. Baada ya uhuru walipewa miaka miwili kuchagua uraia. Wako waliosita, na ziliposhuka sheria za vibali vya kazi mwaka 1967 wakajazana kwenye ndege kwenda Uingereza, nako Waingereza wakaharakisha sheria ya kuwafungia mlango mwaka 1968. Hesabu ya 2019 ilikuta raia wa asili ya Kiasia zaidi kidogo ya 47,000. Mwezi Julai 2017 serikali iliwatangaza kuwa kabila la 44 la Kenya. Kutoka kundi lile la kwanza la 1896 mpaka tangazo lile ni miaka 121. Wanubi wa Kibra nao, waliokaa pale tangu mwanzo wa karne iliyopita baada ya kulitumikia jeshi la Mwingereza, walipata hati ya ardhi mwaka huohuo wa 2017. Wapemba wa pwani yetu, ambao ni wavuvi na ndugu zetu kabisa, wakatambuliwa mwaka 2023.

TUONDOKE NA NINI?

Ndugu msomaji, kumbuka Madina. Muhajirina walipofika kutoka Makka wameacha nyumba na mali, Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwaunga udugu na Ansari mmoja mmoja. Abdurrahman bin Auf aliunganishwa na Sa'd bin Rabi'i, naye Sa'd akamtolea nusu ya mali yake. Abdurrahman akamuombea baraka, akaomba aonyeshwe soko liko wapi. Hapo pana funzo la wawili. Mwenyeji alikunjua mkono, na mgeni akakunja nguo akafanya kazi. Wahenga wetu nao walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, kisha wakaongeza kuwa mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Jeevanjee alichukua jembe. Akachimba, akajenga, akakosea, akadai haki, akatoa. Nchi hii imejengwa na wengi wa namna hiyo, pamoja na wenyeji waliobeba mzigo ambao hawakuuomba. Soma Suratul-Hujurat, aya ya 13, kisha ukae nayo kidogo.

Na tuna ombi. Usiku mmoja katika hizi zilizobaki, baada ya futari, kabla hamjaondoka kwenda taraweh, muulize bibi au babu walikuja kutoka wapi, kwa chombo gani, na nani aliwapokea siku ya kwanza. Andika majina kwenye daftari, pamoja na jina la huyo aliyewapokea. Wazee wanaondoka na hawaachi karatasi. Halafu siku utakayoulizwa kwenu ni wapi, utajibu kwa utulivu bila kuona haya. Na siku utakayokuwa wewe ndiye unayekaa upande wa pili wa meza, mwenye muhuri mkononi, mbele yako amesimama kijana mwenye jina usilolizoea, utakumbuka namna swali lile lilivyokuuma.

Allah atutakabalie saumu zetu, na awarehemu wote waliokufa ugenini wakijenga pale tunapokaa leo. Amin.

Wabillahi tawfiq.